Maswali ya Wasomaji: Skripti za Kuwasha Mashine na Faili za Mtandao Zikae Wapi?

Safu ya mwezi huu tumeitenga kwa jambo moja tu, nalo ni namna ya kupanga skripti zinazoendeshwa mashine inapowaka pamoja na faili zinazoeleza mtandao wake, katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, yaani Linux na ndugu zake wa BSD. Maswali yamefupishwa, lakini hoja za waliouliza zimeachwa kama walivyozileta. Anwani za IP zilizomo katika mifano zimetoka katika kundi la 192.0.2.0/24, ambalo limetengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi tu. Msomaji ataweka zake.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimekabidhiwa seva kadhaa za Linux zilizokuwa zikisimamiwa na mwenzangu aliyehamia kazi nyingine. Karibu kila kitu kimo ndani ya faili moja, /etc/rc.local: anwani ya IP, lango la kutokea, sheria za ukuta-moto, kuanzisha programu yetu ya kupokea data, na hata kunakili faili kwenda seva nyingine. Kila mashine ina rc.local yake, na hakuna mbili zinazofanana. Ninataka kupanga upya bila kuvuruga kazi za watu. Nianzie wapi? — Msimamizi mpya wa seva

JIBU: Kabla ya kuhamisha chochote, isome faili hiyo mstari kwa mstari na ujiulize kila mstari ni wa aina gani. Utagundua kwamba imechanganya mambo mawili yasiyofaa kukaa pamoja. La kwanza ni maamuzi yako: mashine hii ina anwani gani, lango lake ni lipi, huduma ipi iwake na ipi isiwake. La pili ni vitendo: amri zinazotekeleza maamuzi hayo. Maamuzi hutofautiana kutoka mashine moja hadi nyingine, ilhali vitendo karibu vyote ni vilevile kila mahali na mtengenezaji wa mfumo amekwisha kuviandika. Ninashikilia kwamba kuyatenganisha mawili haya ndiko kiini cha kazi yote uliyo nayo, kwa sababu ukishafanya hivyo, tofauti ya seva moja na nyingine itabaki kuwa mistari michache ya thamani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuilinganisha.

Inafaa kujua rc.local ilitoka wapi. Katika matoleo ya kale ya BSD, mashine ilipowaka iliendesha skripti moja, /etc/rc, kutoka juu hadi chini, na rc.local ilikuwa nafasi aliyoachiwa msimamizi aongeze yake bila kugusa skripti kuu. Utaratibu huo ulitosha wakati huduma zilikuwa chache. System V ikaja na njia nyingine: kila huduma ilipewa skripti yake ndani ya /etc/init.d, kisha saraka kama /etc/rc3.d zikajazwa viungo vyenye majina kama S10network, ambapo S ni ya kuanzisha, K ni ya kusimamisha, na tarakimu mbili ndizo zinazotaja zamu. Ubaya wa tarakimu ni kwamba hazielezi sababu. Mtu anayeona S85 hawezi kujua kama huduma hiyo inauhitaji mtandao, au kama aliyeiandika alichukua tu namba iliyokuwa wazi.

Dawa ya hilo ilionekana wazi katika NetBSD 1.5, iliyotoka Desemba 2000. Kila skripti ndani ya /etc/rc.d hutangaza kwenye mistari yake ya juu inatoa nini na inahitaji nini, kwa maneno PROVIDE na REQUIRE, kisha programu iitwayo rcorder huzisoma zote na kupanga zamu yenyewe. FreeBSD iliuchukua mpango huo katika toleo la 5.0 la mwaka 2003, na Debian 6.0 ya mwaka 2011, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikafanya utaratibu wa kutangaza mahitaji kuwa chaguo-msingi kwa skripti zake za init.d. Systemd, iliyotangazwa na Lennart Poettering mwaka 2010 na ambayo leo inawasha mifumo mingi ya Linux, imejengwa juu ya wazo hilohilo la huduma kueleza yenyewe inakitegemea kitu gani. Faili yako ya rc.local bado imesimama kwenye hatua ya kwanza kabisa ya safari hiyo, na ndiyo maana inakusumbua.

Sasa tugawe mistari yako. Anwani, lango na seva za DNS (zinazogeuza majina ya mashine kuwa anwani) ziende kwenye faili ya mtandao ya mfumo wako. Kama mashine inatumia systemd-networkd, sehemu ya systemd inayosimamia mtandao, amri zako tatu au nne za programu ya ip zinageuka kuwa faili kama /etc/systemd/network/20-kuu.network, yenye mistari hii tu:

[Match]
Name=enp3s0

[Network]
Address=192.0.2.10/24
Gateway=192.0.2.1
DNS=192.0.2.53

Hakuna kitendo hata kimoja ndani yake. Ukiilinganisha na ya seva ya pili, kinachotofautiana ni anwani tu, na kosa la tarakimu moja utaliona papo hapo. Kama mfumo wako unatumia ifupdown ya Debian, mahali pake ni /etc/network/interfaces. Kama ni Ubuntu yenye netplan, ni saraka ya /etc/netplan. Na kama ni NetworkManager, ni /etc/NetworkManager/system-connections, ambako faili lazima imilikiwe na root (msimamizi mkuu wa mashine) na isisomwe na mtu mwingine, la sivyo NetworkManager inaikataa. Chagua programu moja tu isimamie kadi moja ya mtandao. Programu mbili zinapoishika kadi ileile, kila moja hufuta kazi ya mwenzake, na tatizo huonekana kama hitilafu ya waya.

Mistari inayobadilisha thamani za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kama ile ya kuruhusu mashine ipitishe pakiti za wengine, iende /etc/sysctl.d. Moduli za kerneli zinazopakiwa kwa mkono ziende /etc/modules-load.d. Saraka zinazoundwa chini ya /run kila mashine inapowaka ziende /etc/tmpfiles.d. Kunakili faili kwenda seva nyingine si kazi ya kuwasha mashine hata kidogo. Kazi hiyo ipe ratiba yake katika cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, au katika kipima muda cha systemd. Programu yenu ya kupokea data iandikiwe faili ya huduma ndani ya /etc/systemd/system, ili iweze kusimamishwa, kuanzishwa upya ikianguka, na kumbukumbu zake zisomwe kwa jina lake.

Sheria za ukuta-moto nimeziacha mwisho kwa kuwa ndizo zinazostahili kuhamishwa kwanza. Kwa kawaida rc.local huendeshwa karibu na mwisho, wakati mtandao umekwisha kuwa hewani na huduma zinasikiliza. Maana yake ni kwamba kila mashine inapowaka, upo muda ambao milango yote iko wazi bila sheria hata moja. Ukiziweka sheria ndani ya /etc/nftables.conf na kuiwezesha huduma ya nftables, programu ya ukuta-moto ya Linux, zinapakiwa kabla ya mtandao kuanza kuandaliwa, kwa sababu huduma hiyo imepangwa itangulie network-pre.target, shabaha iliyowekwa mahususi kwa mambo yanayopaswa kuutangulia mtandao.

Tazama pia mstari wa kwanza wa rc.local yako. Katika Debian na Ubuntu za zamani uliandikwa #!/bin/sh -e, na herufi hiyo ya e inaamuru skripti ikome mara amri yoyote inaposhindwa. Kwa hiyo, kama amri ya tatu ni kunakili faili kwenda seva ambayo leo haipatikani, amri ya nne na zote zilizo chini yake hazitaendeshwa, na mtu atatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa lolote. Vilevile, faili hiyo ikipoteza ruhusa ya kuendeshwa, systemd huiruka kimya.

Hamisha aina moja kwa wakati mmoja. Weka alama ya maoni mbele ya mstari wa zamani badala ya kuufuta, washa mashine upya, hakikisha, ndipo uendelee na aina inayofuata. Na anza na ile seva ambayo ikizimika kwa saa moja hakuna atakayeathirika.

SWALI: Programu yetu imeandikiwa faili ya huduma yenye After=network.target, lakini mashine ikiwaka inashindwa na kusema kwamba anwani haipatikani. Nikiianzisha kwa mkono inafanya kazi vizuri. Mwenzangu alinishauri niweke amri ya kusubiri sekunde 30 mwanzoni mwa skripti. Inasaidia siku nyingi, lakini si zote. — Mtunza mitambo wa zamu ya usiku

JIBU: Sekunde 30 ni kisio, na kisio hukosea siku ile swichi inapochelewa au seva ya DHCP, inayogawa anwani, inapokuwa na shughuli nyingi. Siku nyingine zote unasubiri bure.

Kiini cha tatizo ni kwamba network.target haina maana ambayo jina lake linaashiria. Inasema tu kwamba programu inayosimamia mtandao imekwisha kuanzishwa; haisemi kwamba kadi yoyote imepata anwani. Faida yake kubwa iko upande wa kuzima: huduma iliyopangwa baada ya network.target husimamishwa kabla ya mtandao kuondolewa, hivyo inapata nafasi ya kuaga kwa utaratibu. Unachokitaka wewe ni network-online.target, nayo inahitaji mistari miwili, si mmoja: Wants=network-online.target na After=network-online.target. Katika systemd, kuhitaji kitu na kupangwa baada ya kitu ni mambo mawili yanayojitegemea. After peke yake hupanga zamu endapo kile kingine kitaanzishwa, lakini haikiiti. Wants hukiita, lakini haiamui nani atangulie. Watu wengi huandika mmoja wakidhani wameandika yote mawili.

Jiandae kwa jambo lingine litakalofuata. Huduma inayosubiri mtandao upande wa systemd-networkd husubiri kadi zote inazozisimamia, na muda wake wa kawaida ni sekunde 120. Kama mashine ina kadi mbili na moja haijachomekwa waya, itakaa dakika mbili nzima kabla ya kukata tamaa. Katika faili ya ile kadi isiyotumika, chini ya [Link], andika RequiredForOnline=no.

Hata hivyo, kama una mamlaka juu ya programu yenyewe, nashauri uitibu huko. Programu inayosikiliza kwenye anwani zote za mashine haijali kama anwani imefika au la. Isipowezekana, Linux inaruhusu programu kujifunga kwenye anwani ambayo haijawa ya mashine; kwa soketi zinazofunguliwa na systemd kuna FreeBind=yes. Na kwa kuwa mtandao unaweza kukatika saa yoyote baada ya mashine kuwaka, programu isiyojua kujaribu tena itakuangusha mchana pia, wakati hakuna skripti ya kuwasha ya kulaumiwa.

Kuna sababu nyingine ya “kwa mkono inafanya kazi” ambayo si yako, lakini wasomaji wengine watakutana nayo. Unapoandika amri kwenye kiweko, una PATH ndefu (orodha ya saraka ambamo programu hutafutwa), vigezo vya mazingira vilivyopakiwa na faili zako za nyumbani, na uko ndani ya saraka fulani. Huduma ya mfumo haina hayo. Huanza na PATH fupi na, usipotaja vinginevyo, saraka yake ni mzizi. Andika njia kamili ya kila programu na kila faili, na vigezo vinavyohitajika vitajwe ndani ya faili ya huduma.

SWALI: Nilirekebisha faili ya huduma ndani ya /usr/lib/systemd/system, na baada ya kusasisha mfumo marekebisho yote yamepotea. Je, nizuie kifurushi hicho kisisasishwe? — Msomaji anayejifunza Linux

JIBU: Usikizuie, maana utajinyima marekebisho ya usalama ili kulinda mistari miwili. Saraka ya /usr/lib ni ya mtengenezaji, naye ana haki ya kuandika juu ya kila kilichomo. Saraka ya /etc ni yako. Faili yenye jina lilelile ikiwepo sehemu zote mbili, systemd huitumia ya /etc na kuiacha ya /usr/lib. Katikati yake ipo /run/systemd/system, ya mambo ya muda yanayofutika mashine inapozimwa.

Lakini kunakili faili nzima kwenda /etc nako kuna hasara, kwa kuwa siku mtengenezaji akiboresha faili yake, nakala yako itaendelea kuishi na mambo ya zamani. Njia bora ni kuandika nyongeza yenye mistari unayoibadilisha tu. Amri systemctl edit ikifuatiwa na jina la huduma itakufungulia faili hiyo ndani ya saraka yenye jina la huduma na kiishio cha .d. Kama unabadilisha ExecStart, tangulia kuandika ExecStart= bila kitu, ndipo uandike mpya chini yake; usipofanya hivyo, systemd itaona amri mbili na kwa huduma za kawaida itakataa. Systemctl cat itakuonyesha faili ya mtengenezaji pamoja na nyongeza zako kwa mpangilio, na systemd-delta itakutajia kila mahali ambapo mashine imetofautiana na ilivyoletwa. Hiyo ya mwisho ndiyo amri ya kwanza ninayoishauri kwa mtu aliyekabidhiwa seva asizozijua.

Ndugu zetu wa BSD wameuweka mpaka huu wazi zaidi. FreeBSD huweka thamani za kuanzia ndani ya /etc/defaults/rc.conf, ambayo haiguswi, na za kwako ndani ya /etc/rc.conf, ambamo mtandao mzima wa mashine ndogo unaweza kuwa mistari miwili: ifconfig_em0="inet 192.0.2.10 netmask 255.255.255.0" na defaultrouter="192.0.2.1". OpenBSD ina rc.conf ya mfumo na rc.conf.local ya msimamizi, na kila kadi ina faili yake fupi, kwa mfano /etc/hostname.em0, pamoja na /etc/mygate inayobeba lango peke yake. Ninazipenda faili hizi kwa ufupi wake: mtu huzisoma zote kwa muda mfupi na akaijua mashine. Tahadhari moja ni kwamba rc.conf ya FreeBSD husomwa kama skripti ya sheli, hivyo alama moja ya nukuu isiyofungwa inaweza kukwamisha mashine isiwake. Tumia amri ya sysrc kuibadilisha, au uikague kwa sh -n kabla ya kuondoka.

Kwa faili zilizomo ndani ya /etc ambazo zililetwa na kifurushi na wewe ukazibadilisha, mfumo hautazifuta kimya. Debian hukuuliza wakati wa kusasisha, na toleo usilolichagua hubaki pembeni likiwa na kiishio cha .dpkg-dist au .dpkg-old; mifumo ya Linux inayotumia vifurushi vya RPM huacha .rpmnew au .rpmsave. Zitafute baada ya kila sasisho kubwa. Nyingi hukaa miaka bila kusomwa, na ndani yake mara nyingine ndimo lilimo jina jipya la mpangilio ambao toleo la zamani halina.

SWALI: Katika saraka zinazoishia na .d naona faili zenye majina kama 10-mtandao.conf na 99-yangu.conf. Nimezoea kuweka namba kubwa ili yangu ishinde. Mbona safari hii haikushinda? — Fundi wa mitandao

JIBU: Kwa sababu hakuna kanuni moja. Ndani ya sysctl.d, thamani ileile ikitajwa katika faili mbili, hushinda ile ya faili yenye jina la mwisho kialfabeti, na huko mazoea yako yako sahihi. Lakini kwa faili za .network za systemd-networkd, faili ya kwanza inayolingana na kadi ndiyo inayotumika na zote zinazofuata huachwa, hata kama zina maelezo mazuri kiasi gani. Faili yenye Name=en* ikipewa namba 10, ile ya 99 iliyoandikwa kwa uangalifu kwa ajili ya enp3s0 haitaguswa kamwe. Sshd, programu inayopokea miunganisho ya ssh kutoka mbali, nayo hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na ndiyo maana Debian na Ubuntu huweka mstari wa kuingiza sshd_config.d juu ya faili kuu.

Kwa hiyo, usiulize namba gani ni kubwa. Soma mwongozo wa programu husika ujue kama wa kwanza ndiye mshindi au wa mwisho, kisha uandike jibu hilo kama maoni juu ya faili yako, kwa ajili ya atakayekuja baadaye. Acha pia nafasi kati ya namba, 10, 20, 30, ili ya katikati ipate pa kuingia.

Upo mtego mwingine katika Debian ambao hupoteza watu saa nyingi. Skripti zilizomo katika /etc/network/if-up.d huendeshwa na programu iitwayo run-parts, ambayo kwa kawaida hukubali majina yenye herufi, tarakimu, kistari na mstari wa chini pekee. Jina lenye nukta halimo. Skripti uliyoiita njia-za-ziada.sh haitaendeshwa, na hakuna kosa litakaloandikwa popote. Ukiiita njia-za-ziada itafanya kazi. Amri run-parts --test ikifuatiwa na jina la saraka itakutajia zile ambazo kweli zitaendeshwa, na ni vyema kuiendesha kila unapoongeza skripti mpya.

SWALI: Kila nikiandika seva ya DNS ndani ya /etc/resolv.conf, kesho yake imefutika. Nimeshauriwa niifunge kwa chattr +i, amri inayozuia faili isibadilishwe. — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Usiifunge. Faili hiyo ina mwenyewe, na ls -l /etc/resolv.conf mara nyingi itakuonyesha ni nani. Ukiona ni kiungo kinachoelekea ndani ya /run/systemd/resolve, basi ni mali ya systemd-resolved, na anwani 127.0.0.53 iliyomo ndani yake ni msikilizaji aliye kwenye mashine yenyewe. Seva halisi za DNS unazitaja kwenye faili ya mtandao, kama nilivyoonyesha juu, na resolvectl status itakuambia kila kadi inatumia zipi. Katika mashine nyingine mwenyewe ni NetworkManager au mteja wa DHCP. Ukiifunga faili, mwenyewe atashindwa kuiandika bila kukupa taarifa, na siku anwani ya DNS itakapobadilika mashine itabaki na ya zamani.

SWALI: Kwa nini kadi yangu iliyoitwa eth0 sasa inaitwa enp3s0, na skripti zangu zote zimevunjika? — Mwanafunzi

JIBU: Majina ya eth0 na eth1 yalitolewa kwa kufuata kadi iliyogunduliwa kwanza, na kwenye mashine yenye kadi mbili mpangilio huo ungeweza kugeuka kutoka siku hadi siku, hata sheria za ukuta-moto wa nje zikaangukia kadi ya ndani. Tangu toleo la 197 la systemd, la Januari 2013, jina hutokana na mahali kadi ilipo: p3s0 ni basi ya 3 ya PCI, nafasi ya 0. Skripti zako zisitaje jina hilo mara ishirini. Litajwe mara moja, kwenye faili ya mtandao. Ukitaka jina lako mwenyewe, andika faili ya .link ndani ya /etc/systemd/network inayoitambua kadi kwa anwani yake ya MAC (namba ya kadi yenyewe) na kuipa jina kama ndani0, na ukwepe majina ya mtindo wa eth ambayo kerneli yenyewe huweza kuyatoa.

SWALI: Seva ninazotaka kuzipanga ziko mbali nami na ninazifikia kwa ssh tu. Nikikosea anwani, nimejifungia nje. Pia, natakiwa kuweka historia ya mabadiliko ya /etc. Unashauri nini? — Msimamizi mpya wa seva, barua ya pili

JIBU: Jaribu kwanza kwa amri za ip zisizoandika chochote kwenye diski. Kabla ya kuzigusa, panga mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10 kwa shutdown -r +10. Ukijifungia nje, itawaka na mipangilio ya zamani. Ukiona unafikika, futa agizo hilo kwa shutdown -c, ndipo uandike faili. Hapa mtu anapaswa kuwa mwangalifu, kwani agizo la kuwasha upya linakukinga pale tu ambapo faili za zamani bado hazijaguswa. Ukishazibadilisha, kuwasha upya kutaleta kosa lenyewe. Kwa hatua hiyo ya pili, weka nakala ya faili za zamani na skripti fupi ya kuzirudisha, kisha uipangie iendeshwe yenyewe kwa systemd-run --on-active=10min usipoisimamisha. Watumiaji wa netplan wamerahisishiwa: netplan try hutekeleza mabadiliko na kuyarudisha yenyewe usipothibitisha ndani ya sekunde 120.

Jaribio la mwisho ni kuwasha mashine upya kwa makusudi, mchana, ukiwa na mtu anayeweza kukifikia kiweko chake. Mpangilio ambao haujapita kwenye kuwaka kwa mashine haujathibitishwa, hata kama kila kitu kinafanya kazi sasa hivi, kwa sababu huenda kinafanya kazi kutokana na amri uliyoiandika kwa mkono wiki iliyopita na ambayo haimo katika faili yoyote.

Kuhusu historia, etckeeper, iliyoandikwa na Joey Hess, huiweka /etc ndani ya git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, hutunza ruhusa na umiliki wa faili ambavyo git peke yake haivihifadhi vyote, na hurekodi mabadiliko kabla na baada ya kusakinisha vifurushi. Ujumbe wa kila badiliko ueleze sababu, maana kilichobadilika git inakionyesha yenyewe. Ila kumbuka kwamba /etc ina siri: nywila za mtandao wa Wi-Fi ndani ya system-connections, funguo binafsi za WireGuard (mtandao binafsi wa VPN), faili ya shadow yenye nywila za watumiaji zilizofumbwa. Hazina hiyo ikae kwenye mashine yenyewe na isomwe na root pekee. Kama ni lazima inakiliwe kwenda seva kuu, zitaje faili hizo katika .gitignore kabla ya rekodi ya kwanza kabisa kuandikwa, kwa kuwa siri iliyokwisha kuingia katika historia ya git haitoki kwa kuifuta faili. Wakati huo kilichobaki ni kuibadilisha nywila au ufunguo wenyewe.